Bamvua na maji mafu ya ari

Ari ni msukumo wa ndani unaomfanya mtu aanze kazi bila kuhimizwa na aendelee nayo bila kusimamiwa. Isichanganywe na motisha, ambayo maofisini mwetu hutoka nje: posho, cheti, kupandishwa cheo. Mwaka 1971 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Deci, alichapisha majaribio aliyoyafanya na wanafunzi wa chuo kikuu kwa mafumbo ya kupanga vipande. Waliolipwa kwa kila fumbo walilolifumbua, malipo yalipokoma, hamu yao ya kuyachezea mafumbo hayo wakati wa mapumziko ilipungua. Ndiyo maana siamini kwamba ari iliyopwa hurudishwa kwa kujiahidi zawadi.

Watu wa pwani wana maneno yanayoifaa hali hii kuliko yote ninayoyajua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari huwa na bamvua: maji hujaa sana, kisha hupwa mbali sana. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambapo kujaa na kupwa hakupishani sana. Ari ya mwandishi, mchoraji au fundi wa nakshi nayo ina siku zake za bamvua, mawazo yanapogombania mlango, na siku zake za maji mafu, kalamu inapokuwa nzito kama nanga. Na tuangalie vizuri: maji ya bamvua yaliyopanda sana ndiyo yanayokwenda mbali sana. Anayekesha siku tatu akiandika asishangae siku ya nne.

Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, Unguja, wengi wao wanawake, wanaishi kwa kalenda hiyo. Bamvua ikipwa, shamba huwa wazi, nao huingia kupanda na kuvuna. Yakija maji mafu, shamba halifikiki vizuri, lakini hakuna anayejiita mvivu. Kuna mwani wa kuanika, kuna kamba za kutengeneza.

Kwa kazi ya ubunifu, maji mafu ni wakati wa kusoma, kupanga madaftari, kusahihisha ya zamani, kunoa patasi. Miaka mingi nilizitumia siku hizo kujilaumu, na zilipokwisha sikuwa na mbegu hata moja ya kupanda. (Uzito ukidumu wiki kadhaa, ukaondoa usingizi na hamu ya chakula, huo huenda ni sonona, na unahitaji daktari.)

Bahari ina mwezi wa kuitabiria, ari haina. Kwa hiyo naandika daftarini kila jioni: saa nilizofanya kazi, na kama ilikwenda au ilikwama. Baada ya miezi miwili niliona kwamba asubuhi kabla ya saa tatu ilikwenda karibu kila siku, hata katikati ya maji mafu. Sasa saa hizo sipokei simu.