Je, kizito huanguka haraka kuliko chepesi?

Wengi huamini kwamba kizito hutangulia kufika chini. Jiwe na unyoya huonyesha hivyo, ila kinachouchelewesha unyoya ni hewa. Jaribu nyumbani: chupa mbili sawa za nusu lita, moja ijaze maji, nyingine mchanga. Ukiziachia kwa mikono, mmoja hutangulia bila wewe kujua. Afadhali uzipange ukingoni mwa meza na kuzisukuma kwa ubao mmoja. Kutoka sentimita 80 zote hutua baada ya sekunde 0.4 hivi, kishindo kimoja. Ndani ya setilaiti, metali mbili, titani na platini, zimelinganishwa jinsi zinavyoanguka, hadi sehemu chache katika 1,000,000,000,000,000 bila tofauti kuonekana. Nadharia mpya ya mvutano inayotabiri tofauti kubwa kuliko hiyo haina pa kusimama.