Je, wajua kwa nini mganga mkuu wa manispaa ya Kiingereza hakuwa na foleni ya wagonjwa?

Mkazi wa Finsbury au Croydon, miaka ya 1930 hadi 1950, alikuwa na madaktari wawili. Mmoja ndiye aliyempima mapigo ya moyo na kumwandikia dawa. Wa pili aliajiriwa na halmashauri, ofisi yake ilikuwa katika jengo la manispaa, na mkazi angeweza kuzeeka bila kumwona hata mara moja. Huyo ndiye mganga mkuu wa manispaa. Alikuwa daktari kamili aliyesomea afya ya jamii, na kila mwaka aliwaandikia madiwani ripoti ya vizazi, vifo, maradhi, nyumba mbovu na chakula kilichotupwa. Lakini kitanda cha mgonjwa hakikuwa chake.

Cheo hicho kilianzia Liverpool mwaka 1847, alipoteuliwa Dkt. William Henry Duncan. Mwaka uliofuata kikaingia katikati ya London, alikoteuliwa John Simon, na kuanzia 1855 sheria ikailazimu kila mamlaka ya mtaa ya London kuwa na daktari wa namna hiyo. Sasa, mtu asiyetoa dawa anazuiaje dondakoo au homa ya matumbo? Kwa mambo mawili tu: kupata habari mapema, na kuwa na ruhusa ya sheria ya kugonga mlango na kuingia.

Habari ilikuja kwa cheti. Sheria ya mwaka 1889 ilimtaka daktari yeyote akiona ndui, dondakoo, homa nyekundu, homa ya matumbo, kipindupindu na maradhi mengine kadhaa, ampelekee mganga mkuu taarifa ya maandishi mara moja: jina la mgonjwa, anwani na ugonjwa. London ililazimika tangu mwanzo. Miji mingine iliachiwa hiari mpaka 1899, sheria ilipoenezwa kote Uingereza na Wales. Daktari alilipwa shilingi 2 na peni 6 kwa cheti cha mgonjwa wake binafsi, na shilingi 1 kwa yule aliyemhudumia katika taasisi ya umma. Shilingi 2 na peni 6 ni sehemu moja ya nane ya pauni. Malipo hayo yana maana yake. Taarifa ilimwongezea daktari kazi, na huenda ikamkosanisha na familia, kwa kuwa nyumba ingetembelewa na watoto wangezuiwa kwenda shule. Orodha ya maradhi iliendelea kurefuka: kifua kikuu na polio mwaka 1912, surua na kifaduro mwanzoni mwa vita vya pili.

Cheti kikishafika, saa zinaanza kuhesabiwa. Karani anakiingiza kwenye daftari, anwani inatiwa alama kwenye ramani, na afisa afya anatoka, mara nyingi siku hiyohiyo. Maswali yake yalifuata tabia ya ugonjwa wenyewe. Kwa dondakoo aliuliza nani analala chumba kimoja na mgonjwa, nani anasoma naye darasa moja, na kama kuna mtu nyumbani anayefanya kazi ya maziwa au chakula. Makoo ya wanafamilia yalisuguliwa kwa pamba na vipimo vikaenda maabara, ambako vimelea huoteshwa usiku kucha. Mgonjwa mwenyewe hakupaswa kusubiri jibu hilo. Daktari aliyeona utando wa kijivu kooni alitakiwa kumchoma dawa ya kuua sumu papo hapo, maana sumu ikishashika moyo dawa haiwezi kuirudisha nyuma. Shule iliarifiwa. Maktaba nayo iliarifiwa, kwani kitabu cha kuazima kilichotoka nyumba yenye ugonjwa kilitakiwa kitakaswe au kiharibiwe.

Kwa ndui, kila aliyekutana na mgonjwa aliandikwa, akachanjwa haraka na kuangaliwa kila siku kwa siku 16. Idadi hiyo ilitokana na ugonjwa kuatamia mwilini kama siku 12, ikaongezwa nafasi kwa wanaochelewa. Chanjo iliyotolewa ndani ya siku chache baada ya kukutana na mgonjwa bado inaweza kuzuia ugonjwa au kuupunguza makali, na ndiyo sababu orodha ya majina iliyochelewa siku tano ilikuwa imeshapoteza nusu ya thamani yake.

Nyumba ilifuata baada ya watu. Finsbury, mtaa wa watu waliobanana kaskazini mwa katikati ya London, ulifungua mwaka 1938 kituo cha afya kilichochorwa na msanifu majengo Berthold Lubetkin pamoja na wenzake wa kampuni ya usanifu ya Tecton. Aliyekisukuma katika baraza ni Dkt. Chuni Lal Katial, mzaliwa wa Punjab, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya afya na ambaye mwaka huohuo akawa meya. Kulikuwa na kliniki ya kifua kikuu, ya meno, ya miguu, ukumbi wa mihadhara na chumba cha maiti. Kulikuwa pia na kituo cha kutakasia matandiko, na vyumba vya kulala familia ambazo nyumba zao zilikuwa zikifukizwa. Hilo la vyumba linaonyesha mtu aliyekaa akafikiri. Ukimwambia mama mwenye watoto wanne aondoke nyumbani siku nzima kwa ajili ya kuua kunguni bila kumpa pa kwenda, atamficha afisa kunguni wake, na wala si kosa lake.

Tanuri la mvuke la kutakasia lina kanuni zake. Lilijengwa ndani ya ukuta, na milango miwili: mmoja unafungukia upande mchafu, mwingine upande safi, na mfanyakazi wa upande mmoja haendi mwingine bila kuoga na kubadili nguo. Mvuke hufanya kazi kwa kugeuka maji ndani ya godoro na kuachia humo joto lake lote. Hewa ikibaki katikati ya pamba, mvuke haufiki. Nje panaungua na ndani panabaki vuguvugu, kunguni na vimelea wakiwa salama. Ndiyo maana mitambo mizuri ilinyonya hewa kwanza, ndipo mvuke ukaingizwa. Kosa lingine lilikuwa kutia viatu, mikanda na makoti ya manyoya humo. Ngozi hujikunja kwenye mvuke na haitengenezeki tena, hivyo vitu hivyo vilitakaswa kwa mvuke wa formalini, kemikali ya kuua vimelea. Halmashauri iliyoharibu viatu vya mtu ilimlipa fidia, na isingepokelewa vizuri kwenye nyumba inayofuata.

Mfumo huu wote ulikuwa na sehemu moja dhaifu, nayo ilionekana wazi Croydon, kusini mwa London, katika vuli ya 1937.

Homa ya matumbo huatamia kwa wiki 1 hadi 3. Mgonjwa akilala kitandani leo, cha kuulizwa ni alichokunywa na kula wiki mbili nyuma: maji kutoka chanzo gani, maziwa ya muuzaji yupi, chaza, aiskrimu, safari. Vyeti vilipoanza kumiminika, anwani zilijikusanya upande wa mji uliopata maji kutoka kisima kirefu cha Addington, kilichochimbwa katika mwamba wa chokaa. Uchunguzi wa serikali ulikuta mambo matatu yamekutana kwa wakati mmoja. Mafundi walikuwa wakifanya kazi ndani ya kisima. Mmoja wao aliwahi kuugua homa ya matumbo alipokuwa askari katika vita vya kwanza, na bado alikuwa akitoa vimelea chooni bila yeye mwenyewe kuumwa. Na katika kipindi hichohicho maji yalikuwa yakiendelea kusukumwa kwenda mjini bila kuchujwa wala kutiwa klorini. Watu 43 walikufa.

Inauma kusoma habari hii kwa sababu kila kinga ilikuwepo. Klorini ilikuwepo, chujio lilikuwepo, na mganga mkuu alikuwepo. Yeye hakuambiwa kwamba kuna watu ndani ya kisima. Maji yalikuwa mali ya halmashauri ileile iliyomwajiri, lakini idara ya uhandisi ilifanya yake na idara ya afya ikafanya yake. Angeambiwa, angedai mambo yaliyojulikana tayari na kila mtu wa fani: funga kisima wakati wa ujenzi, pima damu na choo cha kila fundi kabla hajashuka, weka ndoo maalumu za choo, na usirudishe maji mpaka yatiwe klorini na vipimo virudi safi mfululizo. Kupima choo mara moja hakutoshi, kwa sababu mbebaji, yaani mtu mwenye vimelea asiyeumwa, huvitoa kwa vipindi. Leo hakuna kitu, kesho wapo tele. Mwaka uliofuata mkazi mmoja aliishtaki halmashauri kwa maji hayo na mahakama ikaona halmashauri ilizembea.

Klorini yenyewe haihitaji kuwa nyingi. Kipimo kinachotumika sana sasa ni kwamba baada ya dakika 30 za kukaa na maji, ibaki angalau nusu miligramu kwa kila lita. Tope huiharibia kazi, kwani klorini huishia kwenye uchafu kabla ya kufikia vimelea. Kwa hiyo chujio hutangulia, na anayepima maji hupima kilichobaki. Kiasi kilichomwagwa mwanzoni hakimwambii kitu.

Maziwa yalilindwa kwa njia iliyo rahisi zaidi kukagua. Yalipashwa moto kwa nyuzi 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15. Afisa aliyechukua chupa barabarani hakuhitaji kumwamini muuzaji, kwa sababu maziwa mabichi yana kimeng'enya kiitwacho fosfatesi ambacho hufa kwa joto kali kidogo kuliko lile linaloua vimelea vya kifua kikuu. Maabara ikikikuta hai, ama joto halikutosha, ama mtu amechanganya mabichi na yaliyopashwa moto.

Chanjo ndiyo iliyobadilisha daftari la vyeti kuliko yote. Kampeni ya kitaifa ya dondakoo ilianza mwaka 1940. Mwaka huo Uingereza nzima iliandikisha wagonjwa zaidi ya 61,000 na vifo 3,283. Mwaka 1957 walikuwa wagonjwa 38 na vifo 6. Hapo tatizo likageuka: mama kijana ambaye hajawahi kuona mtoto akikabwa na utando ule anasahau sindano, na watumishi wa afya wakalazimika kumkumbusha ugonjwa usioonekana tena. BCG, chanjo ya kifua kikuu, kwa wanafunzi wakubwa ikaja mwaka 1953, chanjo ya polio 1956.

Mwaka huo wa 1956 ilikuja pia sheria ya hewa safi, iliyotokana na ukungu wa moshi ulioifunika London tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952. Makisio ya mwanzo yalikuwa vifo 4,000 vya ziada. Cheti cha daktari kisingesaidia kitu hapo, maana chanzo kilikuwa jiko la makaa la kila sebule. Manispaa zilipewa uwezo wa kutangaza maeneo yasiyoruhusiwa moshi, na mwenye nyumba aliyebadili jiko alirudishiwa sehemu kubwa ya gharama.

Msomaji wa Mombasa au Tanga atakuwa ameshamtambua yule afisa anayegonga mlango. Ni bwana afya. Utaratibu wa kutoa taarifa za maradhi uliingizwa Kenya katika sheria ya afya ya umma ya 1921, iliyofuata mfano wa Kiingereza, na bwana afya wa soko na machinjio ni wa ukoo huohuo.

Kwa Uingereza, cheo cha mganga mkuu wa manispaa kilifutwa tarehe 1 Aprili 1974. Madaktari walihamishiwa huduma ya taifa ya afya, maafisa wa afya wakabaki halmashauri, na watu waliokuwa wakifanya kazi chini ya paa moja wakawa na waajiri wawili. Tarehe 1 Aprili 2013 wakurugenzi wa afya ya jamii wa Uingereza walirudishwa kwenye halmashauri. Wajibu wa taarifa umebaki wakati wote huo. Daktari wa huko hadi leo ana siku 3 za kuandika, na kama ugonjwa ni wa dharura anapaswa kupiga simu ndani ya saa 24.