Kelele za laini si adui wa siri

Jana hapa Kampala jamaa mmoja fundi wa simu alinibishia kabisa eti bila paswadi au ufunguo wa siri huwezi kuficha ujumbe, mtu akinasa mawimbi tu basi kwisha. Wengi wanaamini hivyo, na si kweli.

Fikiria uko soko la Owino, kelele kibao, unaongea na ndugu yako wa karibu na mdukizi kasimama mbali kidogo, nyie mnasikizana yeye anashika maneno nusunusu. Aaron Wyner, mtaalamu wa hesabu za mawasiliano, mwaka 1975 alithibitisha kwamba hiyo tofauti peke yake inatosha kuficha ujumbe, unachanganya ujumbe na biti (zile sifuri na moja) za kubahatisha kwa mpangilio maalum, mwenzako anazitenganisha, mdukizi anabaki na kelele. Tuseme laini yako ni safi na yake inageuza ovyo biti 11 katika kila 100, hapo unapitisha karibu nusu biti ya siri kwa kila biti unayotuma, na hata awe na kompyuta kubwa vipi haimsaidii kwa sababu habari yenyewe hajaipata.

Sasa je, kama yeye ndo anasikia vizuri kuliko mwenzako? Mpango wa Wyner unakwama, lakini Ueli Maurer, mtaalamu wa kuficha ujumbe, mwaka 1993 alionyesha kwamba mkijadiliana hadharani, naye akisikia yote ila hawezi kuyabadilisha, bado mnaweza kutengeneza ufunguo wa siri ilimradi laini yake nayo ina makosa. Mi hii ndo inanishangaza zaidi. Kazi ngumu ni kujua laini yake ina kelele kiasi gani, maana antena yake huioni.