Kabla ya Kununua Mota Nyingine ya Feni

Mteja anapoingia karakanani akiwa amebeba mota ya feni iliyoungua, swali lake la kwanza huwa ni kama ninayo nyingine ya nguvu ileile. Mimi humjibu kwa swali lisilompendeza: hii ni ya ngapi? Akisema ni ya pili au ya tatu ndani ya mwaka mmoja, ninajua kwamba kumuuzia nyingine ni kumwibia, kwa sababu kilichoiua kimebaki kulekule alikoitoa. Katika miaka yote ambayo nimefunga na kutengeneza mota ndogo za viyoyozi na za feni za kutolea moshi jikoni hapa Dar es Salaam, nimeona chache sana zilizokufa kwa ubovu wake zenyewe. Nyingi huuawa na panga zisizolingana nazo, na kapasita (kile kifaa kidogo cha kuhifadhi chaji kinachoisaidia mota kuanza na kuzunguka) iliyochoka, au na hewa iliyozibiwa njia.

Mfano ninaowafundishia vijana wangu ni wa feni ya kifaa cha nje cha kiyoyozi kikubwa, katika hoteli moja ya ufukweni. Mota ya awali ilikuwa ya wati 180, yenye kasi ya mizunguko 900 kwa dakika. Ilipoungua, fundi aliyenitangulia alitafuta mota ya wati 180, akaipata, akaifunga. Feni ikavuma kuliko zamani na kila mtu akafurahi. Baada ya wiki tatu ikaungua. Akafunga nyingine ya aina hiyohiyo, nayo ikaenda njia hiyohiyo. Kibati cha mota zote mbili kilikuwa kimeeleza kila kitu, ila hakikusomwa: mizunguko 1400.

Umeme wetu ni wa hezi 50. Kwa umeme huo, uga wa sumaku wa mota ambayo koili zake hutengeneza ncha mbili za sumaku huzunguka mara 3000 kwa dakika, wa ncha nne mara 1500, na wa ncha sita mara 1000; mota yenyewe hubaki nyuma kidogo, ndiyo maana kwenye kibati tunasoma 1400 au 900. Feni ina tabia yake ambayo wauzaji wengi wa vipuri hawaijui. Hewa inayosukumwa huongezeka sawasawa na kasi, lakini nguvu inayohitajika kuisukuma huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kasi hiyo. Gawanya 1400 kwa 900, kisha jibu lizidishe kwa lenyewe na tena kwa lenyewe, utapata karibu 3.8. Panga zilezile zilizoridhika na wati 180 sasa zilikuwa zinadai zaidi ya wati 670 ili zizunguke kwa kasi hiyo mpya. Mota haikuwa nazo, kwa hiyo ililemewa, ikaburuzika chini ya kasi yake, ikavuta ampea nyingi na kupata joto mpaka vanishi ya koili ikawa mkaa. Wati zililingana, kilichokosewa ni mizunguko.

Kosa hilo lina ndugu yake kwenye mota za mtumba zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60. Hata pale ambapo volti zinakubali, mota ya hezi 60 ikipewa hezi 50 kwa volti zilezile, chuma chake hubebeshwa sumaku iliyozidi kwa asilimia 20, na hapo huanza kupata moto hata kabla ya kubeba mzigo. Wapo wanaonibishia kwamba yao imedumu miaka. Siwakatalii: feni ikipungua kasi hadi sehemu tano za sita, mzigo wake hushuka hadi asilimia 58 hivi, na ahueni hiyo wakati mwingine huiokoa mota. Mimi siweki jina langu kwenye kazi inayotegemea bahati.

Volti pungufu nazo hazionewi huruma. Nguvu ya kuzungusha ya mota hizi hufuata mraba wa volti, hivyo jioni ambapo laini ya volti 230 imeshuka hadi 180, mota hubakiwa na takriban asilimia 61 ya nguvu yake ya kawaida. Ikiwa beringi zimeanza kukaza, huo ndio usiku ambao haitaanza kuzunguka, bali itakaa inanguruma na kuchemka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulikataa mpaka walione kwenye mita. Feni ya panga, kama ile ya kondensa (koili ya kifaa cha nje inayotoa joto la kiyoyozi), huchoka zaidi njia ya hewa inapozibwa: kondensa iliyojaa vumbi na chumvi huongeza mzigo wa mota, na wakati huohuo hupunguza upepo unaoipoza. Feni ya gurudumu lenye vijiti vilivyopinda mbele, ile iliyomo ndani ya viyoyozi vya mabomba na mashine nyingi za kupulizia hewa ya joto, hufanya kinyume. Ukiziba mdomo wake kwa ubao, ampea zinashuka, kwa sababu hakuna hewa inayobebwa. Ukiifungulia kabisa, yaani ukiiwasha kabla ya kuunganisha bomba lake, husukuma hewa nyingi kupita ilivyokusudiwa na kuilemea mota. Niliwahi kuitwa kwenye jengo ambalo mota ya namna hiyo ilikuwa ikijizima kila baada ya robo saa. Mlango wa ukaguzi ulikuwa umeachwa wazi ili mota “ipumue”. Tuliufunga, ampea zikashuka, na mota haikujizima tena. Kujizima huko kulitokana na kinga ya joto iliyomo ndani ya koili, ambayo hujirudisha yenyewe mota ikipoa. Kwa hiyo usitie mkono kwenye feni iliyosimama bila kukata umeme kwenye swichi yake, hata kama unaamini kwamba imekufa.

Kapasita ndiyo ya bei ndogo kuliko vyote na ndiyo inayosahaulika. Feni ya kiyoyozi cha kawaida cha nyumbani hutumia maikrofaradi chache tu, na ikipoteza robo ya hizo mota huzunguka bado, lakini kivivu na kwa joto. Huhitaji kuifungua ili kuipima. Mota ikiwa kazini, pima ampea zinazopita kwenye waya wa kapasita, zidisha kwa 3183, kisha gawanya kwa volti zilizopo kati ya ncha zake. Ampea 0.25 na volti 320 zitakupa maikrofaradi 2.5 hivi. Usishangae volti hizo kuzidi za laini; ndivyo ilivyo, na ndiyo sababu tunafunga kapasita ya volti 450. Kama namba iko chini ya ile iliyoandikwa kwa zaidi ya asilimia 5 au 6, ibadilishe kwa ileile. Kuweka kubwa zaidi “ili iwe na nguvu” ni kuichoma polepole koili saidizi, ile ya pili ndani ya mota inayolishwa kupitia kapasita. Kabla ya kuishika, umeme ukiwa umekatwa, imalize chaji yake kwa rezista ya omu 20,000, si kwa bisibisi.

Katika kufunga, mengi ni ya kawaida: skrubu ya panga ikae kwenye ubapa wa shafti, panga zisiguse popote unapozizungusha kwa mkono, na mwelekeo wa kuzunguka uhakikiwe kabla ya kufunika. Mambo mawili yanastahili kukaziwa. La kwanza ni matundu madogo ya kutolea maji yaliyo kwenye mfuniko wa mota, ambayo huja na vizibo. Lililo upande wa chini, kulingana na jinsi mota ilivyokaa, lazima lizibuliwe, na la juu libaki limezibwa. Waya nao upewe mkunjo unaoning’inia chini kabla ya kuingia kwenye mota, ili tone la mvua lidondoke pale badala ya kuufuata ndani. La pili ni nyundo. Anayegonga shafti ili panga ziingie huacha vijishimo kwenye njia za gololi za beringi, na mlio utakaosikika miezi miwili baadaye ni wake.

Nikifungua mota iliyo karibu na bahari, kwa mfano yenye beringi ya saizi namba 6202, siirudishii yenye vifuniko vya bati. Ninaweka yenye mipira pande zote mbili, na wakati wa kuiingiza kwenye shafti ninasukuma duara la ndani peke yake. Beringi hizo haziongezwi grisi. Mota za bushi, ambazo shafti yake huzunguka ndani ya pete laini isiyo na gololi, ndizo zinazotaka matone machache ya mafuta mepesi ya mota za umeme. Mafuta ya kula, ambayo nimeyakuta zaidi ya mara moja, hugeuka kuwa gundi. Kwa feni za jikoni, adui ni ukoko wa mafuta unaoganda kwenye panga, ukazidi upande mmoja na kuifanya feni itikisike mpaka beringi zilegee. Ukwangue kwa mkono. Mashine ya kuoshea magari ibaki kwa wenye magari.

Pale hotelini tulifunga mota ya mizunguko 900 na kapasita ya maikrofaradi 6, tukaosha kondensa, kisha nikaandika kwa kalamu ya rangi ndani ya mfuniko: tarehe, ampea 1.4, kapasita 6. Nilipopita mara ya mwisho mota ilikuwa bado inavuta 1.4, ila kapasita ilikuwa imeshuka hadi 5.5. Niliibadilisha, nikaongeza mstari chini ya ule wa kwanza.