Maana ya "zamu" kwa vijana wa ndege za mabomu

Ukisoma habari za vijana waliopigana katika ndege za mabomu za Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, utaambiwa fulani alikufa akiwa amebakiza safari mbili kumaliza zamu. Zamu hapo si lindo la usiku mmoja. Ni kuruka hadi kwa adui na kurudi mara 30. Aliyezimaliza aliondolewa vitani kwa miezi kama sita, aghalabu akafundishe wengine, kisha aliweza kuitwa tena kwa zamu ya pili ya safari 20.

Thelathini ni idadi ndogo mpaka uipigie hesabu. Tuseme kila usiku zinaondoka ndege 100, na 4 hazirudi. Nne si nyingi, utasema. Lakini kijana ni yule yule, na anaingia kwenye hatari hiyo mara 30. Mwisho wa zamu, katika kila 100 walioanza pamoja hawabaki hata 30. Na kuna siku zilizozidi hapo. Usiku wa Machi 30, 1944, ndege 795 ziliondoka kwenda Nuremberg, mji wa Ujerumani, na 95 zikapotea. Kwa vita nzima walikufa 55,573 kati ya wanahewa wapatao 125,000 wa ndege hizo. Wote walijiandikisha kwa hiari, na wengi hawakuwa wamefika miaka 25. Mabomu yao nayo yaliua raia wengi wa Ujerumani, jambo lisilofaa kufichwa tunapowakumbuka.

Mtazame mpiga bunduki wa mkiani katika Lancaster, ndege kubwa ya mabomu ya Uingereza. Amekaa peke yake kwa saa saba au nane, magoti yamebanwa, na baridi huweza kufika nyuzi 40 chini ya sifuri. Parachuti haikuwa na nafasi mle ndani. Ilitundikwa nyuma ya mgongo wake, nje ya vijimlango vya kibanda. Ndege ikishika moto, ilimbidi kwanza afungue, aifuate, aivae, ndipo aruke.

Wachache walizivuka safari 30 za zamu kwa hiari yao. Ulric Cross wa Trinidad alikuwa mwongoza njia katika Mosquito, ndege ya mbao ya watu wawili. Alipotakiwa apumzike alikataa, akaendelea mpaka safari ya 80. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania.