Je, wajua kwa nini mbegu ya Boma Rhodes, nyasi ya malisho ya mifugo, hugoma kuota?

Waulize wakulima wa simu, wale wanaoishi Nairobi na mashamba yao yako Kajiado, nao watakuambia bila kusita: ni mbegu feki. Kweli, feki zipo. Ndiyo maana pakiti iliyoidhinishwa na KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya linalokagua mbegu, huwa na stika ya kukwaruza. Namba iliyofichwa unaituma kwa SMS kwenda 1393. Ila stika inaweza kusoma sawasawa na shamba likabaki tupu vilevile.

Mshukiwa wa kwanza awe jembe. Kilo moja ya mahindi ina punje kama 3,000. Kilo moja ya nyasi hii ina mbegu zaidi ya milioni 2. Kabla ya kuona jua, chipukizi huishi kwa akiba iliyomo ndani ya punje, kama msafiri anayetegemea masurufu aliyofungashiwa nyumbani. Mahindi yamefungashiwa safari ya sentimita 5 na zaidi. Boma Rhodes imepewa ya sentimita moja, mbili udongo ukiwa laini sana. Ukiifukia kwa kina cha mahindi inaota vizuri tu, halafu inaishiwa njiani na kufa gizani. Kwa hiyo mbegu inayolaaniwa kwamba haikuota, iliota. Mabonge ya udongo nayo hufanya kazi hiyohiyo: mbegu hutumbukia katikati yake, mvua ikashindilia udongo juu.

Dukani usikimbilie iliyovunwa juzi. Mbegu mpya ya nyasi hii hulala miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota. Muda hutofautiana kulingana na kundi na ilivyohifadhiwa. Sugua kidogo kiganjani, upulize makapi: usipoona punje ngumu za kahawia, umeshika maganda. Kisha weka 100 juu ya tishu yenye unyevu, uhesabu zilizoota baada ya wiki mbili. Matokeo mabaya hayathibitishi kwamba zimekufa, huenda bado zimelala, lakini msimu huu hazikufai.

Kilo 4 hadi 5 zinatosha ekari. Changanya na mchanga mkavu, la sivyo zitashikana na kupeperuka. Piga mifereji ya kina cha ukucha kwenye udongo uliosagwa, mwaga mbegu mvua inapoanza, kisha kokota tawi la miiba juu yake. Jembe libaki stoo.