Chakula cha baada ya saa 1 usiku hakigeuki chote kuwa mafuta

Ujumbe huu umezunguka miaka mingi kwenye magrupu: ukila baada ya saa 1 usiku, mwili "umefunga kazi" na kila tonge linageuka mafuta. Si kweli. Ukilala, moyo, ubongo na ini vinaendelea kufanya kazi na kutumia nishati usiku kucha. Kinachoongeza uzito hasa ni kula kuliko mwili unavyotumia, siku baada ya siku.

Mkanganyiko unaeleweka, kwa sababu muda nao una athari yake. Nyakati za usiku insulini hushusha sukari ya damu kwa nguvu ndogo kuliko asubuhi, hivyo mlo mkubwa karibu na kulala huiacha sukari juu kwa muda mrefu zaidi. Tena wanaochelewa kula mara nyingi huwa wanaongeza mlo juu ya milo, na hulala kidogo. Usingizi pungufu huongeza njaa na kudhoofisha kazi ya insulini. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi kila usiku. Hili ndilo ningependa lisambazwe.

Unaweza kujipima: kwa wiki mbili andika ulichokula, saa uliyokula na saa ulizolala. Mwenye kisukari anayetumia dawa asiruke mlo wa usiku kwa sababu ya ujumbe wa simu, maana sukari inaweza kushuka kwa hatari. Amuulize daktari wake kwanza. Ukiupokea tena ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.